Homa Siki

Benchi ni langu. Niseme hivyo mapema, maana hawa jamaa wanalikalia kama wamerithi kwa babu zao. Nililiweka mbele ya kibanda changu cha kushona, hapa njia inapokata kwenda stesheni ya Mpanda, ili mteja akae wakati namalizia pindo. Mteja gani! Tangu asubuhi anakaa Makarius, tunayemwita Redio kwa sababu hana mahali pa kuzimwa. Anakuja Gelasius, jina lake Dakta, aliyewahi kufagia hospitali moja zamani na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Mzee Mrisho wa Ujiji anatua dele lake la kahawa na makaa yake jirani na cherehani yangu, moshi wote machoni mwangu. Na pale mwisho, ukutani, anakaa Melkior seremala, hasemi kitu. Tangu amzike mkewe masika yaliyopita halali kwake. Anatandika mkeka kibarazani kwangu, na mimi sijamwuliza mpaka lini.

Jumatatu hiyo alisema. Tulishtuka wote.

— Josefina anaumwa.

Josefina ni binti yake, hana mwingine. Baada ya msiba alipelekwa kwenye ile shule mpya ya kulala huko njia ya Inyonga, shule ya lugha mbili. Wanasoma humo watoto wa Kigiriki, wa Kihindi, wa Wabelgiji kutoka ng'ambo ya ziwa, na wa kwetu wachache. Wiki hii Kiswahili, wiki ijayo Kiingereza, na hakuna mchezo: wiki ya Kiingereza hata anayekanyaga mwiba analia Kiingereza.

— Anaumwa nini? Dakta akauliza, keshavuta mkao.

— Evodi wa lori la shule ndiye kaniletea habari. Mama mlezi kamwambia, mtoto ana homa siki.

— Homa nini?

— Homa siki. Ilikuwa wiki ya Kiingereza, mama hakuweza kumfafanulia, na Evodi Kiingereza hajui. Kalishika neno hilo njia nzima lisimponyoke. Mengine kaonyeshwa kwa mikono. Mtoto hali. Hachezi. Anakaa dirishani anatazama barabara.

— Evodi si alipita Ijumaa? nikamwuliza.

— Ijumaa.

— Na wewe umekaa na neno hilo tangu Ijumaa, kimya?

— Ningemwambia nani, fundi?

Nilikasirika, siwafichi. Analala hatua chache kutoka kitandani kwangu, halafu ananiuliza angemwambia nani! Lakini nikamkumbuka marehemu. Mkewe aliondoka kwa homa, na ilianza hivyohivyo, kwa kukataa uji. Neno hilo lilitukaa vibaya.

Dakta peke yake ndiye aliyefurahi.

— Homa siki ninaijua, akasema. Tena sana.

— Wewe kuna usichokijua? Mzee Mrisho akamwuliza, anamimina.

— Mzee wangu, nisikilize. Wagiriki wanakula vitu vya siki. Matango, vitunguu, hata samaki wanamtia siki. Mtoto wetu kazoea ugali na mlenda. Ukimpa siki kila siku, damu inachachuka. Ikishachachuka inapanda kichwani, inaitwa homa siki. Dawa yake majivu.

— Majivu ya nini?

— Majivu tu. Ya kawaida.

— Potelea mbali na majivu yako, Redio akadakia. Kosa si siki, kosa ni lugha. Nyie hamfikirii? Kichwa cha mtoto kidogo hivi! Kiingereza kinaingilia sikio hili, Kiswahili kinaingilia hili. Wiki nzima kimoja kinalala, kingine kinafanya kazi. Jumapili usiku vinapokezana zamu. Hapo vinagongana, mtoto anachemka. Nilimwona mtu Uruwira anajua lugha tatu. Alianza kwa kujisemesha, akaishia kuwajibu mbwa.

— Mbwa wa lugha gani?

— Ala! Mimi nasema jambo la maana, nyie mnacheka.

Tulicheka, ni kweli. Melkior hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake mikono miwili, kahawa haijapungua.

— Kuna jambo jingine pale shuleni, akasema polepole. Josefina aliniambia siku nilipompeleka. Kila asubuhi kabla ya masomo, yule mama mlezi anapita kitanda kwa kitanda. Anamwuliza kila mtoto: moyo wako umeamkaje?

— Umeamkaje nini?

— Moyo.

— Mtoto anajibuje?

— Anavyojisikia. Akisema umeamka vibaya, anakaa naye bustanini mpaka utengemae, ndipo anaingia darasani. Na jioni wana saa ya kunyamaza, wanakaa tu wanasikiliza miti. Ndiyo masomo yao, hayo na hesabu.

Hapo benchi zima liliangua kicheko. Mimi mwenyewe niliacha kukanyaga cherehani. Mwalimu wangu mimi hakuwa na haja na moyo, alikuwa na haja na makalio, na fimbo alikuwa nayo.

— Hebu ngojeni, Redio akasema, na sauti yake ikashuka. Ngojeni. Mtu mzima anaulizia mioyo ya watoto kila asubuhi. Ya nini?

Mzee Mrisho akaacha kumimina.

— Anayeulizia kuku wako kila siku ana shida gani na kuku? Anachagua! Na siki mnajua kazi yake? Siki inahifadhi. Ukitia nyama kwenye siki haiozi, unaisafirisha kwa gari moshi mpaka pwani, mpaka Ulaya.

— Redio, wee!

— Mumiani hao! Mnafikiri mumiani anakuja na pembe? Anakuja na shule!

— Funga mdomo, nikamwambia, lakini nilikuwa nimechelewa.

Melkior alikuwa amesimama. Aliweka kikombe benchini, kikaanguka, hakukiangalia. Mtu huyu tumezoea kumwona anakaa tu; akisimama ni mrefu kuliko tulivyokumbuka.

— Namtoa, akasema. Naenda kwa miguu. Kesho kutwa nimefika, namchukua mwanangu, hasomi tena.

— Kaa kwanza, baba, Mzee Mrisho akambembeleza. Huyu anapiga porojo, unamjua.

— Nilikaa hivyohivyo mama yake alipoumwa. Waliniambia kaa, itashuka. Nikakaa.

Hakuna aliyemshika. Ungemshikaje? Dakta alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, Redio kwa mara ya kwanza amezimika. Ndipo lori la shule lilipopinda kona ya stesheni na kusimama mbele yetu, vumbi lote likaingia kwenye kahawa. Upande wa abiria akashuka mama mmoja wa Kifipa, mnene kidogo, kilemba cheupe, viatu vya ngozi. Evodi akamnyooshea kidole Melkior.

— Hamjambo, akatusalimu. Mimi Helena, mlezi wa shule. Leo wiki ya Kiswahili imeanza, nimeona nije mwenyewe. Yale maneno ya Ijumaa nahofia hayakufika sawa.

— Yamefika, Melkior akasema. Mwanangu ana homa siki. Yu hai?

— Homa?

Alimtazama Evodi. Evodi akatazama gurudumu. Mama Helena akaweka kiganja kwenye paji la uso, nikadhani atacheka, kumbe machozi yalimlengalenga.

— Pole, baba. Pole sana. Hana homa hata kidogo. Ni neno la Kiingereza, homsiki. Wanalitumia kwa mtu aliye mbali na kwao, akapakumbuka mpaka chakula hakishuki.

Melkior alikaa kwa kishindo. Benchi langu likalia.

— Kumbe Waingereza nao wanaumwa hivyo? Dakta akauliza, kwa adabu ambayo sikujua anayo.

— Sana. Ndiyo maana wameupa jina ugonjwa huo.

— Na sisi tunaumwa tu bila jina, Mzee Mrisho akasema, na akatazama upande wa magharibi, kwao Ujiji. Miaka yote anatumiminia kahawa, hatujawahi kumwuliza kaacha nani kule.

— Na hiyo mioyo? Redio alishindwa kuvumilia. Ya kuulizwa kila asubuhi?

— Mtoto mwenye huzuni hesabu haziingii. Ni hivyo tu. Ningekuuliza na wewe, kama ungekuwa kwangu.

Redio akakohoa. Mama Helena akaja kukaa karibu na Melkior, pale ambapo hakai mtu.

— Baba Josefina, mtoto ana akili, na wenzake wanampenda. Sitaki umtoe. Wiki ijayo tunafunga, watoto wote wanakwenda kwao. Dawa yake ni hiyo, aje kidogo, ashibe kwao, arudi. Lakini kila asubuhi namwuliza, Josefina, moyo umeamkaje? Ananiambia, umeamkia nyumbani. Nikamwuliza, nyumbani kuna nani? Akanyamaza. Nikamwuliza tena kesho yake, akanyamaza. Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Nyumbani kuna nani?

Jamani. Swali dogo hivyo. Mimi mwenye benchi nilijifanya natafuta uzi. Wote tunaijua nyumba ya Melkior. Mlango umefungwa kwa kamba tangu matanga yaishe, na uani mwake mbuzi wa watu wanazaa. Melkior aliutazama mkeka wake uliokunjwa kibarazani kwangu.

Mzee Mrisho akainamisha dele ampe mgeni kahawa. Yakatoka machicha.

— Imekwisha, akasema.

Hakuna aliyeondoka.

— Fundi, Melkior akaniita. Panga lako liko wapi?

— La nini?

— Nyasi zimefika dirishani.

Nikampa. Akachukua na mkeka wake, akaweka kwapani. Mama Helena akapanda lori bila kuuliza tena, na Evodi akalipeleka polepole nyuma ya Melkior, kama msindikizaji. Jua lilipoanza kushuka tuliona moshi upande wa nyumba ya Melkior, mwembamba, wa kuni mbichi. Ni moshi wa mwanamume asiyewahi kuwasha moto maishani mwake, mtu unajua tu kwa kuutazama.

Wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Mzee Mrisho kabeba makaa yake, Redio kaenda bila kuaga. Mimi nikafunika cherehani. Kibaraza kilikuwa kitupu, na kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokijua. Miezi yote nililalamika kwamba yule bwana anakoroma.

Dakta alikuwa amefika njiani. Akageuka, akajikuna shingo.

— Fundi.

— Nini tena?

— Moyo... umeshindaje?

Nikamwambia aende zake, asiniletee upuuzi wa shule. Akaenda. Alipofika kona nikamwita arudi.