Nani Ahame Kota

Benchi letu lilikuwa nje ya karakana ya shamba la ngano, malori ya kwenda Dongobesh yanaposimama. Jumapili tukitoka misa tulikaa hapo, mama Bernadina, muuza kahawa, akitumiminia. Jumapili hiyo habari ilikuwa moja. Jana yake, siku ya mshahara, Nikolausi dereva wa kombaini ya kuvunia alimpiga mkewe Tekla. Kota nzima, nyumba zote za wafanyakazi, ilisikia. Hakuna aliyegonga mlango, na mimi ni jirani yao, Mungu anisamehe.

Xavery, fundi wa matrekta tuliyemwita Gavana, alisema dawa iko serikalini: mishahara ya waume wapokee wake zao.

— Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Basi mume akae kivulini, mke apange foleni.

Mzee Gidamis, mfugaji wa Balangdalalu, alisema kwao mwanaume akimkosea mke, akina mama wanakaa kikao, wanamtoza fahali. Serikali iwape tu mhuri.

— Nikolausi hana hata kuku, nikasema.

— Basi achinjwe yeye, mama Bernadina akajibu, huku akimimina.

Gavana hakukubali kushindwa. Trekta lina gavana ya kuzuia injini isipitilize. Kwa nini mkono wa mume usiwe nayo? Serikali iagize za kutosha, zifungwe siku ya ndoa, padre apewe spana. Haraka haraka haina baraka. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tukiwa bado tunacheka, Tekla akafika, jicho limevimba, mzigo kichwani. Alikuwa anangoja lori arudi kwao.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Gavana, kwa aibu, akamweleza kwamba tulikuwa tunamtungia sheria ya kumlinda. Tekla akatua mzigo.

— Kota ninayokaa ni ya nani?

— Ya shamba, Gavana akasema. Ya serikali.

— Aliyepiga ni Nikolausi. Mbona anayehama ni mimi?

Mimi nilitafuta methali, hata ya uongo, sikupata.

Lori likaja, likapiga honi. Tekla akalitazama, kisha akatutazama sisi.

— Meneja anayegawa kota yuko nyumbani kwake leo?

— Yupo, Gidamis akasema, akauinua ule mzigo akaubeba begani.

Lori likaondoka. Tekla akatangulia kwa meneja, sisi tukamfuata, Gavana na kikombe chake mkononi.