Shimo Nililochimbia Filamu

Hamjambo, wanakikundi wenzangu wa kuacha pombe. Wiki sita nimekaa kwenye kiti cha nyuma bila kufungua mdomo, na leo mwenyekiti amekataa kuniruka. Haya, nitasema. Nikinyamaza katikati msinipigie makofi, ningojeni tu.

Mnalikumbuka lile tamasha la filamu za takataka? Filamu fupi, za bei ya chini, mbovu kwa makusudi, tukizizungusha soko hadi soko. Tulifunika madirisha ya ukumbi kwa magunia, watu wakacheka mpaka machozi. Mimi nilitaka yangu iwe mbovu kuliko zote. Ee, cheka tu dada, hata wakati ule ulicheka.

Ilikuwa ya mama anayefufuka kwa sababu watoto wamemnyima chapati za matanga yake mwenyewe. Mama yangu mzazi ndiye aliyeigiza maiti. Alikuwa akicheka ndani ya shuka, ikabidi turudie mara nne. Kaburi nililichimba mwenyewe nyuma ya migomba, kwetu Kiogoro.

Baba akatoka akifoka: "Nyinyi watu, kaburi halichimbwi bure! Likichimbwa linataka mtu. Zika shina la mgomba hapo badala ya mtu, ufukie, leo leo!"

Ndugu zangu, nawaambia, sikuzima simu niliyokuwa nikipigia filamu. Nilimrekodi akifoka nikamtia kwenye filamu. Kule soko la Kebirigo walimcheka yeye kuliko hata maiti. Watoto wa jirani wakaanza kumwigiza njiani, naye akaacha kwenda sokoni. Shimo nikaliacha wazi, maana nilitaka kutengeneza sehemu ya pili.

Mwezi uliofuata mama akaugua. Hakumaliza hata kuchuma chai ya msimu ule. Tulimzika hatua chache kutoka pale, na watu wakaliangalia lile shimo, halafu wakaniangalia mimi. Daktari alisema ni figo, zilikuwa mbovu miaka mingi. Nilimsikia vizuri. Haikunisaidia kitu. Niliamini nimemuua mama yangu kwa kichekesho, na siku nyingine bado naamini. Nikaingia kwenye pombe, ile chang'aa kali. Mchana mmoja nikashuka ndani ya shimo nikalala chali, nikaomba linichukue mimi.

Baba ndiye aliyenikuta. Hakufoka. Aliketi ukingoni akaniambia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, polepole, "Toka huko. Nimeshazika mmoja." Akakata mgomba, tukauzika pamoja, tukafukia. Hata hivyo, mpaka leo hatuongei, ni salamu tu. Lakini kesho yake alinisindikiza mpaka mlango huu, akageuka akaenda zake.

Nawashukuru mlionipokea nikinuka pombe, na akina mama wawili mlioniletea uji nyumbani wakati sikuweza kushika kikombe. Funzo langu ni dogo: mtu anayekupenda akikukaripia, zima simu umsikilize.

Nilipanga kumaliza hapo. Lakini baba ameketi karibu na mlango, nimemwona akiingia. Baba, nilifanya watu wakucheke, kwa hivyo nakuomba msamaha mbele za watu. Ulikuwa ukitulinda, mimi nikakufanya kichekesho. Nisamehe. Kama bado huwezi, usiondoke. Keti tu mpaka tunywe chai.