Luka Shemhilu wa Kikundi cha Jumamosi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Pongwe na ninyi nyote mliofika kutusitiri, mimi ni Consolata, mdogo wake marehemu, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa kaka yangu alisemwa sana pembeni, leo tumekubaliana asemwe hadharani.

Luka Shemhilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Pongwe, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu, aliyeshuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge, na mama yetu, ambaye yupo hapa mbele na hakutarajia kumzika mwanawe. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akafaulu hesabu na kufeli mengine yote, kama mwenyewe alivyopenda kusema, akajifunza ufundi wa baiskeli kwa mjomba wetu, na mwaka 1994 akafungua kibanda chake Ngamiani, ambako aliitambua spoku iliyolegea kwa kuisikia tu, kabla mwenye baiskeli hajashuka. Tarehe 28 Novemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Elizabeti, wakajaliwa watoto watatu, Precious mwaka 1999, Edgar mwaka 2003 na Blessing mwaka 2007.

Sasa nafika mahali ambapo wasomaji wa historia hizi huruka. Kaka yangu alikuwa mlevi. Kuanzia mwaka 2010 alikunywa hadi kibanda kikafungwa, hadi Elizabeti akachukua watoto akarudi kwao Muheza, hadi mama akawa anaficha hata spiriti ya kusafishia vidonda, na sisi ndugu tulipoulizwa tulijibu kwamba Luka ana malaria, malaria ya miaka tisa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 muuguzi mmoja alimdokeza kwamba mjini kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanakutana Jumamosi alasiri, ila hakulikumbuka vizuri jengo lenyewe, na Luka akawa anawatafuta bila kuthubutu kuuliza, maana kuuliza ni kujitaja, mpaka siku moja akaingia kwa makosa kwenye kikao cha wazazi wa kipaimara, akaona haya kutoka, akakaa hadi sala ya mwisho na kuchaguliwa kamati ya chakula. Tarehe 9 Machi 2019 aliwapata, katika darasa la shule moja palepale Ngamiani, mtaa wa pili kutoka kilipokuwa kibanda chake, akapokewa na Mzee Uweso, dereva wa malori mstaafu, ambaye ameturuhusu kumtaja, Luka akamwamkia shikamoo kisha akalia. Mle ndani Mwislamu na Mkristo walikaa dawati moja, jina la ukoo halikuulizwa, walikunywa chai ya tangawizi, kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda, na aliyeanguka hakuchekwa. Tangu siku hiyo Luka hakuonja pombe, kibanda kikafunguliwa tena, mwaka 2020 Elizabeti akarudi na watoto, nami nikampata kaka yangu, jambo ambalo nilikuwa nimeshaacha kuliombea.

Jumamosi tarehe 22 Julai 2023, saa zilezile za kikundi, ililetwa mahari ya Precious, na kwa desturi ya ukoo wetu mahari haihesabiki imepokelewa mpaka baba mzazi aonje kwanza boha, ile pombe yetu ya miwa, kutoka kwenye kibuyu cha wakwe. Luka aliomba apewe togwa, au ndugu mwingine aonje badala yake, wazee wakasema baba wa binti ni mmoja, wakasema ni kugusisha midomo tu, wakasema asimwaibishe mtoto mbele ya wakwe, na Precious alikuwa anamtazama. Akaonja, vigelegele vikapigwa. Kesho yake alionja tena bila kuombwa na mtu. Mzee Uweso alikuja kumuulizia Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, kila mara akaambiwa Luka hayupo, na Luka alikuwa chumbani, akisema hawezi kuwatazama wale watu usoni.

Mwezi Novemba 2024 alilazwa, ini likiwa limeharibika na tumbo limejaa maji, na Februari 2025 aliomba mwenyewe arudishwe kikundini, Edgar akawa anampeleka kwa bajaji, wakampa chai yake, na zamu yake ya kueleza wiki ilipofika alisema tu kwamba yupo. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa hajaonja tena tangu alipowarudia, ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi msibani, mafundi baiskeli wa Ngamiani waliofunga vibanda vyao leo, na wanakikundi wa Jumamosi, ambao wamekaa humu katikati yenu, hatutawaonyesha, na kwa baadhi yao siku kama ya leo ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Kwa ajili yao na kwa ajili yake, yale madumu ya boha yaliyoletwa asubuhi kwa wachimba kaburi na kuwekwa nyuma ya jiko, familia inaomba walioyaleta wayabebe waondoke nayo sasa hivi, kabla jeneza halijainuliwa, chai ipo ya kutosha. Shikamooni wazee wetu, Luka alishindwa kuwakatalia mbele ya watu, sisi tunawakatalia.

Pumzika, kaka, kwa amani, hakuna atakayekulazimisha tena.