Nani Inspekta Barafu wa Kweli?

Pale mji wa Salama, nyuma ya duka la spea, kuna benchi la kahawa ya Rashid, na bingwa wa benchi hilo ni Muthama, aliyeachana na shule darasa la saba kwa sababu, kwa maelezo yake, walimu walikuwa wanamchelewesha. Wasee humwita Satelaiti. Asubuhi hiyo Satelaiti alikuwa na haja. Mutiso, mwenye ukumbi wa video, alikuwa papo hapo benchini, akitafuta mtu wa kushika maikrofoni na kutafsiri filamu za wazungu papo kwa papo Jumamosi, maana dijei wake Mulinge alihamia mji wa Wote. Muthama aliitaka maikrofoni hiyo kuliko chakula. Ubishi ukaangukia zile filamu mbili kuukuu za Inspekta Barafu: ya kwanza, Barafu ni mzungu mwembamba, ya pili, ni mnene.

— Mwembamba ndiye Barafu, Rashid alisema akimimina kahawa. Alinusa kiatu cha maiti mara moja tu, akasema, "Huyu amekanyaga matope ya Kasikeu!"

— Wacha ushamba, mzee! Muthama akadakia. Mnene hakuwa mtu wa kunusa viatu. Alimwangalia mshukiwa tumbo, akamwambia, "Kijana, umemaliza sufuria nzima ya muthokoi ya matanga na marehemu hata hajaoshwa!"

— Mwembamba aliita mbuzi wa shahidi kwa jina, na mbuzi akaja!

— Mbuzi ni nini? Mnene alimtoa jambazi pangoni kwa kuiga sauti ya mama mkwe wake. Kwa Kikamba safi!

Mutiso alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Muthama akaona mambo yameiva.

— Sasa nisikie, bosi. Mulinge alikuwa wa kelele tu. Kipaji kilikuwa cha wale wazungu. Nipe mimi hiyo maikrofoni uone.

Nduku, mpwa wa Mutiso aliyefika jana yake kutoka Kitui, alikuwa akipuliza kikombe chake pembeni.

— Samahani, akauliza. Huyo mzungu Kikamba alijifunzia wapi?

Muthama akajaribu kujitetea.

— Si labda... filamu ilipigwa huku Makueni?

— Na ile theluji yote? Rashid akamnong'oneza.

Mutiso tayari alikuwa na simu sikioni.

— Mulinge? Rudi, ndugu yangu. Niko na wazungu wawili hapa wamekuwa bubu tangu uondoke.