Mazabodi ya Ventsi

Benchi la mbele ya jengo letu hapa mjini Ruse, kando ya mto Danube, lina wenyewe, na asubuhi ile wote watatu walikuwepo, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki cha kahawa ya mashine: Setilaiti, aliyebandikwa jina hilo kwa madishi aliyojaza kwenye baraza yake, Maestro, mpuliza klarineti wa harusini, na Inspekta, aliyekagua tiketi za basi mpaka akastaafu, na bado anakuangalia kama hujalipa. Mimi huwa nasalimia na kupita. Siku ile nilikuwa nimeshuka kutupa taka tu, lakini nikasimama, kwa sababu mume wangu Ventsi, anayetengeneza muziki nyumbani kwa kompyuta, alikuwa ameamua kununua mazabodi mpya, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Kila alichorekodi kilikuwa na mvumo chini ya sauti, mmmm, usioisha. Na mimi nilikuwa naogopa kitu kingine kabisa.

— Binti, mbona una sura ya mtu aliyeona nyoka? — akaniuliza Maestro.

— Mjomba, nikiifuta vumbi ile kompyuta inanitekenya vidole, kama sisimizi wanapita, na Ventsi anasema ni mazabodi mbovu, akifunga mpya yote yataisha, halafu mtoto ameanza kusimama kwa kushikilia vitu, juzi alilishika lile sanduku la chuma la kompyuta akapiga ukelele akaanguka, na baba yake ana spika masikioni, hasikii kitu, sasa niambieni, anunue ipi?

Hapo ndipo nilipokosea. Walisikia lile la mwisho tu.

— Umefika penyewe — akasema Setilaiti. — Mazabodi ya muziki iwe na nafasi nne za memori, siyo mbili. Ngoma, violini, waimbaji, wote wanakaa kwenye memori. Na kadi ya sauti ikae mbali na kadi ya picha. Zikibanana zinapigiana kelele.

— Kadi ya sauti ya nini siku hizi? — Maestro akamkata. — Watu wanatumia kiboksi cha nje. Atafute yenye matundu mazuri ya yuesibii, basi.

— Wewe naye! Klarineti yako ina yuesibii?

— Ina matundu mengi kuliko kichwa chako.

Wakacheka. Mimi sikucheka.

— Na kule kutekenya, mjomba?

— Kutekenya ni dalili — akasema Inspekta, akiinua kidole. — Hizi mazabodi zinatengenezwa mbali huko, zimezoea umeme wa kwao. Ukizichomeka hapa zinashangaa. Zinatetemeka.

— Acha zako, Inspekta — akasema Setilaiti. — Mvumo unatoka ng'ambo ya Danube. Warumania wana mnara wa redio, mazabodi yoyote dhaifu inaudaka.

— Mbona mimi sivumi, na nakaa ghorofa ya saba?

— Unavuma. Mkeo kazoea tu.

Maestro akasogeza kikombe, akashusha sauti kama anayetoa siri.

— Sikilizeni. Rangi. Jamaa yangu alifunga mazabodi nyekundu, mvumo ukakata siku hiyohiyo. Nyeusi inavuta joto, joto linageuka kelele.

— Na kijani? — akauliza Inspekta.

— Kijani ni ya ofisini. Ukirekodi ngoma ya harusi inatoka kama barua ya serikali.

Niliangalia dirisha letu, ghorofa ya nne. Ventsi alikuwa anamalizia wimbo wa harusi ya Jumamosi, watu wa bwana harusi walikuwa wanausubiri, na mwanangu Mladen nilimwacha zuliani karibu na miguu ya baba yake, na kijiko cha kuchezea, nikasema narudi sasa hivi, na sasa hivi ilikuwa imeshapita.

— Umeme usikutie hofu, binti — akasema Setilaiti. — Soketi niliwafungia mwenyewe, mpya, zile zenye vyuma pembeni.

Nikashusha pumzi. Kweli nilishusha pumzi.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu na mzigo wa zulia la plastiki, yule anayehamia ghorofa ya pili, Violeta. Alikuwa anangoja tumpishe.

— Samahani — akasema. — Hivyo vyuma vya pembeni, kwa nyuma umevifunga kwenye waya unaoshuka ardhini? Nauliza kwa sababu kwangu fundi amefungua ukuta, hakuukuta.

— Soketi ni mpya kabisa — akasema Setilaiti.

— Nimesikia. Waya je?

Inspekta akakohoa. Jengo lilijengwa na serikali, akasema. Maestro akamgeukia mwenzake.

— Ulipofungua pale ukutani, uliona nyaya ngapi?

— Mbili — akasema Setilaiti polepole. — Nilizifunga vizuri zote mbili.

Waya wa tatu, ule wa ardhini, haukuwepo, basi vile vyuma havikushika kitu. Umeme unaovuja, uliotakiwa kwenda ardhini, ulikuwa umekaa ndani ya lile sanduku, unangoja mkono. Nikapiga kelele, Ventsi! Ventsi! nikijua hasikii, na miguu ikanipeleka kwenye kabati la mita, ukutani kando ya mlango wa jengo, nikatafuta jina letu.

— Binti, ngoja, kazi yake! — Inspekta akaita.

Nikaibonyeza swichi yetu chini.

Dirisha letu likafunguka kwa kishindo, Ventsi akatoa kichwa.

— Nani kazima? Wimbo sijauhifadhi! Wote umepotea!

Wale wa benchini wakainamia vikombe vyao.

— Mimi! — nikapaza sauti. — Nimezima mimi, na usiwashe! Mtoto yuko wapi?

Akageuka kutazama nyuma yake. Sikungoja jibu. Nilipanda ngazi nikirukaruka, nikisikiliza, hakuna kitu, ghorofa ya pili hakuna kitu, na ya tatu nikasikia kilio, cha hasira, cha mtoto aliyenyang'anywa anachokitaka. Nikakaa pale pale ngazini, nikamsikiliza Mladen wangu akilia.