Nesi Tseng na Mkojo Uliokuwa Safi Mno

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika kliniki yetu ya watoto hapa Chiayi, Nesi Tseng Yu-lan anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tumeshangilia, tumelia, na sasa tunagombania kiti chake cha dirishani.

Alipoanza kazi, wengi waliamini kwamba kisukari huharibu figo na moyo wa watu wazima tu. Yeye hakukubali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa figo hauumi. Kwa hiyo kila kijana mwenye kisukari alipimwa presha, mafuta ya damu na mkojo wa asubuhi, ionekane kama protini imeanza kupenya. Vijana walimkwepa. Aliwafuata hadi kwenye vibanda vya wali wa bata mzinga, akawafundisha kukadiria insulini huku naye akimaliza bakuli la pili.

Kisa tunachokipenda zaidi, na mwenyewe ameturuhusu kukisimulia, ni cha Hsiang-yi, mvuta kamba wa timu ya shule. Akiwa na miaka kumi na mitano, mkojo wake ulikutwa na protini kidogo, na presha ilikuwa imepanda. Akaambiwa arudie kipimo. Mashindano ya taifa yalikuwa yanakaribia, naye aliogopa kuachwa na kocha. Mkojo wa pili ukaja safi: protini hakuna, hata chembe ya sukari hakuna, ilhali sukari ya damu yake asubuhi hiyo ilikuwa juu sana, na ikipanda hivyo lazima imwagikie kwenye mkojo. Nesi Tseng alicheka mpaka miwani ikadondoka.

"Mwambie mdogo wako ana figo nzuri sana," alimwambia. "Sasa nipe mkojo wako, mwanangu."

Binti aliangua kilio, akakiri kwamba mkojo ule ulikuwa wa mdogo wake. Nesi hakumgombeza; alikwenda naye kwa kocha siku hiyohiyo. Hsiang-yi alikosa mashindano yale, akanuna kwelikweli. Lakini alianza dawa, akaacha kuruka sindano, na mwaka uliofuata akarudi kwenye kamba. Timu ilichukua dhahabu! Nesi Tseng alishangilia hadi sauti ikakauka, na kesho yake akahudumia wagonjwa kwa ishara.

Shangazi Yu-lan, asante kwa figo na mioyo uliyoiwahi. Pumzika kwa raha, ule wali wako bila kumhesabia mtu insulini.

Wiki iliyopita Hsiang-yi alileta chupa yake ya mkojo yenye kikaratasi: "Shangazi, safari hii ni wangu mwenyewe." Nesi Tseng aliupima mara mbili, akafuta machozi. Ulikuwa safi.