Aliyekataa Kulala

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Mapadri na Masista wetu, ndugu wazazi na wageni mliofika hapa Himbi, nanyi wauguzi mnaopokea diploma leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa maneno ya furaha. Mniwie radhi, kwa kuwa nitamtaja marehemu, na mumewe, Papa Paulin, aliyeketi pale mbele, ameniruhusu.

Marehemu huyo, Masika, aliuza viazi vya Kibumba pale mtaani Mapendo. Kwa miaka mingi alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, wala halikumsumbua. Wateja wakimtania, "Mama, ulimeza kiazi?" alijibu, "Nimekificha, nangojea bei ipande!"

Mwaka huu, akiinua gunia, mshipa mdogo ulipasuka ndani ya uvimbe huo. Damu ikajaa mahali pasipo na nafasi, rovu likavimba ghafla, likabana njia ya hewa. Akawa anavuta pumzi kwa mlio. Mumewe akamkimbiza kwenye kituo cha afya cha jirani.

Je, alipokewa vibaya? Hapana, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniuma. Sisi madaktari na wauguzi tukimwona mgonjwa, neno letu la kwanza ni "pole", la pili ni "lala". Ndivyo muuguzi alivyomwambia Masika:

"Pole mama, lala kwanza, tukuwekee serumu mkononi."

"Hapana. Muniache nikae."

"Ee mama! Hata kitanda unakikatalia? Uko mutu wa namna gani?"

Watu wakacheka. Papa Paulin mwenyewe akamshika mabega, akamlaza.

Alipokuwa amekaa, ameinama mbele, hewa kidogo ilikuwa inapita. Alipolazwa chali, uvimbe ulimkaba koo. Alifariki kabla gari la kumpeleka kwa daktari wa upasuaji halijafika.

Kwenye matanga Papa Paulin aliniuliza, "Dokta, ningemuacha akae, angepona?" Ninyi mnajua ninavyopenda kueleza. Siku ile nilisema tu, "Angepata muda, papa. Kama ungetosha, sijui."

Wanangu, anayepigania pumzi akichagua namna ya kukaa, mwacheni hivyo, mpeni oksijeni, mwiteni daktari upesi. Mikono yenu ina huruma, ndiyo maana mmechagua kazi hii. Lakini kabla haijamgusa mgonjwa, muulizeni: "Mama, unataka tukuweke namna gani?" Kisha ngojeni jibu, hata likitoka kwa shida.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Na asante, Papa Paulin, kwa kukubali kuyasikia haya tena.